Hedi

Saa mbili asubuhi mhadhiri aliandika h ubaoni,
akageuka: Hii ni hedi,
kimo ambacho pampu inaweza kuyapandisha maji.
Nyuma kabisa mtu akaliongezea neno herufi moja
na ukumbi ukacheka.
Sisi wasichana wanne hatukuinua macho.
Nyangeta alipigia mstari, mara mbili,
mpaka karatasi ikatoboka.

Mimi nilikuwa nimeshatoka darasani.
Nilikuwa Bugarika, kwenye ngazi za mawe,
nyuma ya visigino vya bibi Milembe
na ndoo yake ya lita ishirini.
Hedi: mita sitini na moja,
toka kioski cha maji hadi mlangoni kwetu
(nilikuja kuipima baadaye, kwa levo ya kuazima).
Jouli elfu kumi na mbili kila safari,
bila kuhesabu mwili wake mwenyewe,
bila kuhesabu mama yangu, aliyekuwa mgongoni.
Ufanisi sijui. Hakuna jedwali.

Mwaka wa tatu nikarudi Mwanza kwa mafunzo,
wiki nane kwenye nyumba ya pampu, ufukweni.
Nikafumua rasta, nikasuka twende kilioni
ili kofia ngumu ikubali kukaa.
Buti zilizobaki zilikuwa namba arobaini na tatu;
nikazijaza vipande vya kanga kuukuu,
na mguu wa kushoto, kila nilipouchomoa jioni,
ulisoma: YASIYOKUHU
na hapo mkasi ulipita.

Choo hakikuwa na komeo.
Mlinzi, mzee Mashauri, hakusema kitu.
Aliviringisha jiwe toka nje,
akaliacha nyuma ya mlango, upande wa ndani.
Mji huu una jiwe la kila kazi.

"Mwandiko wako mzuri," alisema msimamizi,
nikawa mwandishi wa vikao.
Wiki ya kwanza, muhtasari.
Ya pili, muhtasari na chai.
Ya tatu nilijua nani hanywi sukari
na sikuwa nimeshika hata spana.

Wiki ya tano pampu namba mbili ikaanza kutafuna kokoto.
Ndivyo ilivyosikika: kokoto, kavu,
ndani ya chuma kilichojaa maji.
Wanaume sita wakaizunguka, mikono kiunoni.
Msimamizi akamgeukia Lusato, mwenzangu wa darasa:
"Injinia, unaonaje?"
Lusato akaangalia geji, akaangalia buti zake
(zilimtosha),
akasema, "Muulize Nkwimba."

"Haivuti vizuri," nilisema. "Imezibwa huko inakonywea."
Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyoikusudia,
pampu ikaimeza nusu.
Nikasema tena.

Wazamiaji wawili wakatoa kwenye chujio
magugu maji, mafungu kwa mafungu,
kipande cha wavu wa dagaa,
na kandambili moja ya mtoto, ya rangi ya waridi,
ambayo kila mtu aliitazama kidogo
kisha akatazama pengine.
Pampu ikawashwa. Ikanguruma kawaida,
kama ng'ombe aliyeshiba.

Hakuna aliyepiga makofi.
"Haya," alisema msimamizi, "iandike hiyo kwenye muhtasari."
Nikaiandika.
Na pale penye nafasi ya aliyebaini tatizo
nikaandika jina langu lote, mpaka la babu,
likavuka mstari, likaingia pambizoni.
Siku hiyo chai alichemsha Lusato. Iliungua;
sikuwahi kujua kwamba chai huungua.

Sasa maji hufika Bugarika, saa tisa usiku,
siku tatu kwa wiki, mgawo ukiwa na huruma.
Bomba liko hatua sita toka mlangoni.
Bibi huamka, hujaza ndoo, hukunja ngata,
huitwika kichwani
kwa hizo hatua sita.

Bibi, namwambia, si uibebe tu kwa mkono.

Hageuki. Shingo imenyooka, taa ya jirani begani.
Ananiambia nisimsemeshe,
maji yatamwagika.